Mnajimu wa Kasri

Waraka wenyewe umeliwa na mchwa
pale hasa palipokuwa na jina la mfalme.
Limebaki jina la mtu wetu, Ghasib bin Muhanna,
na cheo kilichoandikwa kwa maji ya zafarani:
Mnajimu wa Kasri.

Kasri hakuliona maisha yake yote.
Alikaa Mudhaibi, juu ya jiwe lililolainika kwa kukaliwa,
akitazama nyota zikiruka ukuta wa msikiti,
moja, kisha nyingine,
na kila iliporuka alipaza sauti gizani:
"Zamu ya watoto wa Sulaiyim imekwisha! Geuzeni!"
na maji ya falaji yakahama shamba.

Wanasema mfalme alipita na ngamia mia wenye kiu,
akataka maji kabla ya zamu yake.
Ghasib hakushuka jiweni.
"Nyota haijatoka, bwana wangu. Nikuandikie deni?"
Walioshika panga wakatazamana.
Mfalme alicheka. Au hakucheka, wengine husema, alingoja tu,
mpaka Thuraya ikachungulia
(mama yangu huiita Kilimia, na hakubali jina jingine),
ngamia wakanywa,
na asubuhi cheo kikaletwa.

Cheo ni koti la kuazima, husema watu wa mama, wa Pemba.
Hiki hakikuwa hata na koti, wala mshahara.
Kilikuwa na nusu athari ya maji kila mzunguko,
robo saa hivi, ya kulowesha ndimu tatu,
na haki ya kupewa kahawa kwanza.
Kwa kahawa hiyo watu waligombana miaka themanini.

Mwanawe alikivaa kama jambia.
Alialikwa kila harusi, akala, akalala;
usiku mmoja nyota tatu zilipita bila kutajwa
na migomba ya mjane ikanyauka.
Hilo halimo katika waraka.

Wa tatu ni babu yangu, Nabhan.
Macho yalimwingia ukungu kabla ya miaka arobaini,
lakini sauti ilibaki, na cheo ni cha mwenye sauti.
Basi akampandisha jiweni binti yake Zayana,
miaka tisa, ndani ya blanketi la ngamia,
mdomo kwenye sikio la baba:
"Imetoka."
Naye akanguruma: "Geuzeni!"
Mji mzima ukamsifu kwa ukali wa macho yake.
Miaka kumi na mmoja, mpaka alipoolewa.

Kisha ikaja saa ya mkono kutoka Matrah,
kisha taa za barabarani, nguzo baada ya nguzo,
na nyota ndogo zikafutika kama wino uliopata mvua.
Jiwe lilichukuliwa na mtu wa kujenga banda la mbuzi.

Mwaka jana cheo kilifufuliwa, Maskati, ukumbini,
kiyoyozi kikipuliza hadi tukajifunika mitandio.
Alipewa mhandisi mwenye darubini, kijana mwema,
akasoma karatasini historia ya waliomtangulia:
Ghasib, mwana wa Ghasib, Nabhan.
Nilipiga makofi. Nilikuwa na keki mdomoni.

Leo shangazi Zayana amelazwa Ibra, ghorofa ya pili.
Saa tisa za usiku ameniamsha: "Vuta pazia."
Nje kuna maegesho ya magari na mwanga wa rangi ya chungwa,
juu yake hakuna kitu, kwa macho yangu.
Sijui yeye aliona nini.
Alihesabu kwa vidole, taratibu, akarudia kimoja,
kisha akanong'ona, kama anayesema na sikio la mtu:
"Imetoka."

Akangoja.
Mimi sina sauti ya kunguruma, na wagonjwa walikuwa wamelala.
Nikaenda kwenye beseni nikafungua bomba,
kidogo tu,
asikie maji yakihama.